Meno ya Chini ya Mama Riziki

Aibu hii nimeibeba muda mrefu, acha niitue leo mnicheke, maana mpaka sasa nikifika mtaa wa Granville karibu na ile ofisi ya kujaza kodi navuka barabara na kujifanya naongea na simu.

Yote yalianza na binamu yangu, ambaye tulikaa naye kambi moja ya wakimbizi Tanzania, kisha yeye akapelekwa Amerika na mimi nikaletwa huku Sydney. Akanitumia ujumbe wa sauti: ukijaza kodi, peleka risiti za matibabu ya familia, utapunguziwa. Mwenye akili angejiuliza kwanza kama Amerika na Australia ni nchi moja, lakini mimi (mnaujua mdomo wangu) nikasimama kanisani wakati wa matangazo, nikaeleza kwa madaha kana kwamba serikali ndiyo iliyonituma.

Baada ya ibada Mama Riziki akanishika mkono. Ni mjane wa Bukavu, bado anafanya kazi ya usafi, na akiba yake yote iliishia kwenye meno ya bandia ya juu, ya chini yakamshinda, na harusi ya mjukuu wake ilikuwa inakaribia.

"Hiyo pesa itaenea meno ya chini?"

"Itaenea na kubaki, mama," nikamjibu, bila hata kumeza mate.

Jumamosi tukafika kwenye ile ofisi watu kumi na mmoja, mimi mbele, kila mtu na mfuko wake: risiti za hospitali, za miwani, za dawa walizowanunulia wazazi Bujumbura (na mzee mmoja alileta ya kinyozi, akidai upara ni ugonjwa). Mhasibu alikuwa Mtanzania mpole. Nikaumwaga mfuko wangu mezani, wenzangu wamejaa mlangoni, yeye akazipitia risiti taratibu kisha akavua miwani.

"Dada, nani alikwambia habari hizi?"

"Binamu yangu."

"Anaishi wapi?"

Nikakohoa. "Texas."

"Pole sana. Huko wana sheria zao. Hapa punguzo la matibabu lilifutwa miaka kadhaa iliyopita."

Nyuma yangu ikaja sauti ya Mama Riziki: "Anasema nini?" Hakuna aliyetaka kumwambia, ikabidi nigeuke nimwambie mwenyewe, huku nikitamani ardhi ipasuke.

"Sasa meno yangu iko wapi?" akauliza, mkono mdomoni kama kawaida yake.

Nikalia pale pale, mtu mzima, mbele ya mhasibu. Na Mama Riziki, badala ya kunigombeza, akaja akaanza kuzirudisha risiti zangu mfukoni moja moja. "Mwanangu, mbeleko haikatwi na mtoto hajazaliwa." Afadhali angenitukana.

Nikaomba zamu za Jumapili kule ninakotunza wazee ili nimlipie yale meno, miezi miwili mizima bila kwaya, na wale tisa wengine nao wakachanga kidogo (wakininunia, lakini wakachanga).

Sasa nimeapa: ujumbe wa binamu nausikiliza, nacheka, nafuta. Harusini mtu akanitania, "Dada Kodi, leo hakuna tangazo?" ukumbi mzima ukaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni Mama Riziki, nyama mkononi, mdomo wazi, meno yote nje, ya juu na ya chini.