Siku Tatu za Kuthibitisha Paa

Katika miaka kumi ya ubunge nilizungumza bungeni mara nyingi, na mengi niliyoyasema siyakumbuki. Sentensi moja naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nilitakiwa kuithibitisha. Naibu Waziri alikuwa amejibu kwamba zahanati ya kijiji kimoja kilicho mbele ya Masagati imekamilika na inatoa huduma. Nilisimama kwa swali la nyongeza, nikasema: "Mheshimiwa Spika, zahanati hiyo haina hata bati moja."

Spika hakupandisha sauti. Alinipa siku tatu: Ijumaa nilete uthibitisho au nifute kauli. Asiyeijua kazi ile atadhani ni jambo dogo. Kauli ikifutwa, jibu la Serikali hubaki kama lilivyo. Zahanati ile ingehesabiwa kuwa inafanya kazi, na hakuna ofisi inayopeleka muuguzi mahali ambapo karatasi inasema tayari yupo.

Nilitoka ukumbini nikampigia simu diwani wa kata ile, maana yeye ndiye aliyenipa habari.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Zahanati uliiona lini kwa macho yako?"

"Kuiona hasa... Fundi ndiye aliyeniambia bati hazijaja."

"Alikuambia lini?"

"Kabla ya Krismasi, mheshimiwa. Au baada."

Kabla ya siasa nilifundisha jiografia, na mwanafunzi aliyechora mto bila kwenda kuutazama nilimrudishia daftari lake. Swali lile nililomuuliza diwani nilipaswa kumuuliza kabla ya kufungua kinywa bungeni. Sikumuuliza kwa sababu habari yenyewe ilinipendeza.

Tuliondoka Dodoma alasiri ile ile, mimi na dereva wangu, tukalala Ifakara, na alfajiri ya Jumatano tukashika njia ya Mlimba. Ilikuwa masika. Karibu na Mngeta malori mawili ya mpunga yalikuwa yamezama kwenye tope katikati ya barabara, tukasubiri karibu saa mbili. Nilitazama saa, kisha mawingu, kisha saa tena. Naona aibu kuandika kwamba njia nzima nilikuwa nikiomba jengo la wagonjwa lisiwe na paa.

Mabati niliyaona kabla ya kukiona kijiji. Yalikuwa mapya. Chini yake palikuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli, na nilipochungulia dirishani niliona chumba kitupu na mifuko ya saruji. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi mwenye mabuti ya mpira, alinieleza kwamba bati zilifika miezi miwili iliyopita na wanakijiji wakaezeka wenyewe. Muuguzi hajawahi kufika. Wanawake waliokaribia kujifungua walipelekwa Mlimba kwa bodaboda. Mto ukijaa, hawaendi. Pembeni yetu alisimama mama mmoja mwenye mimba kubwa. Alisema siku zake zinatimia mwezi huu.

Niliwaeleza nilichosema bungeni na kilichonisubiri Ijumaa. Mwenyekiti akacheka.

"Ni hilo tu? Mheshimiwa, misumari tulipiga wenyewe. Jua likizama hapa hakuna bati. Unapiga picha, unaondoka, Jumamosi tunazirudisha."

"Hapana."

"Ngazi ipo."

"Nimesema hapana."

"Mzee anaogopa ngazi!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, watu wakaangua kicheko.

Vijana wawili walikuwa wameshapanda. Niliwaamuru washuke, nikaishika ngazi mpaka wa mwisho alipokanyaga chini. Yule mama hakuwa amecheka.

"Sasa, baba, ukienda kusema paa lipo, watakuuliza habari za mlango?"

Kanuni nilizijua: ningeulizwa habari za bati tu.

Ijumaa asubuhi nilisimama, nikiwa na picha za kufuli mfukoni.

"Imeezekwa au haijaezekwa?" Spika aliuliza.

"Imeezekwa, Mheshimiwa Spika, lakini mlango..."

"Futa kwanza."

"Naifuta kauli yangu."

"Ahsante. Kaa. Tunaendelea."

Waliocheka niliwasikia. Laiti ningesema tu kwamba zahanati haitoi huduma, picha zile zingetosha, na jibu la Naibu Waziri lisingesimama. Niliongeza bati kutoka kinywani mwa mtu mwingine, bati likafukia kila kitu.

Mchana mwenyekiti alipiga simu. "Tumekusikia redioni, mheshimiwa. Umefuta vizuri kabisa."

"Habari ya mlango nimeiandikia swali jipya."

"Litajibiwa lini?"

"Mkutano ujao wa Bunge."

"Huyu mama nimwambie asubiri mkutano ujao?"

Tuliondoka Dodoma jioni hiyo hiyo. Jumamosi dereva aliniacha nyumbani kwangu Lipangalala, pale Ifakara, akaendelea peke yake kuelekea Masagati kumchukua yule mama. Tangu wakati huo sikumpata tena kwenye simu. Mvua ilinyesha usiku kucha. Nilijaribu kusoma, nikajikuta nahesabu mito iliyo kati ya Mlimba na kijiji kile, nikiipa kila mmoja kina chake, mimi niliyevuka kwa gari na sikuteremka hata mara moja kuipima.

Gari lilisimama nje ya nyumba Jumapili mchana, tope mpaka madirishani. Mama alikuwa kiti cha mbele, miguu imevimba, bado hajajifungua. Nilimwambia dereva asizime injini, aende hospitali moja kwa moja.

Mama alishusha kioo. "Shikamoo, baba. Na wenzangu watatu atawafuata lini?"

Sikujua kwamba walikuwepo wajawazito wengine. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango ule karibu saa nzima, nikatazama bati, kufuli na saa yangu. Nilimwambia dereva ampeleke kwanza, kisha ajaze mafuta. Safari ya kuwafuata hao watatu nilipanda gari mimi mwenyewe.