Bakuli Nililolitoa Nje

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, nilitoka chumba cha upasuaji na bakuli la chuma mkononi, natembea kwa maringo kama bibi harusi. Nilikuwa nesi wa miaka miwili tu kazini. Mengi ya ujana wangu nimekusimulia, lakini hili huwa nalipita kando. Leo nalisema kwa sababu Jumatatu unaanza kazi ya hospitali, na sare yako nimeiona imeshanyooshwa.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa hapa Mwanza kimoja baada ya kingine, na kila mtu habari yake ni biashara. Hospitalini kwetu akaja daktari mgeni na mashine yake. Anatoboa matundu matatu tumboni, kila moja dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, anapitisha kamera nyembamba na vyuma vyake, halafu anafanya kazi huku akitazama kwenye televisheni. Sisi tuliozoea makovu ya kutoka kitovuni kwenda chini tulibaki midomo wazi. Mimi ndiyo usiseme, nilijiona nimeshakuwa nusu daktari.

Mgonjwa alikuwa Nyangeta, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Majita, miaka ishirini na mitatu, mpole, anacheka kwa kuficha meno. Alikuwa na mchumba, Masatu, fundi wa majokofu katika kiwanda kimoja cha minofu. Nyangeta hakuwahi kuona siku zake hata mara moja, na ndilo lililomleta kwa daktari. Akapimwa, akaambiwa kwamba amezaliwa bila mfuko wa uzazi, na mahali pa mayai ya kike pana tezi za namna ya kiume, zimejificha humo tangu yuko tumboni mwa mama yake. Mwili wake haukuzisikiliza tezi zile, ukakua wa kike, na yeye ni mwanamke kama mimi na wewe. Wapo watu wanaozaliwa hivyo, wachache, na si laana wala si kurogwa. Ila tezi zenyewe zikiachwa huweza kugeuka saratani, kwa hiyo zilitakiwa zitoke.

Nilikuwepo akielezwa. Alilia kidogo, akajifuta, akasema, "Masatu nitamwambia mwenyewe. Nipeni muda nitafute maneno." Daktari akamjibu kwamba hilo ni lake na hakuna atakayeliingilia. Nililisikia kwa masikio yangu haya.

Sasa, sisi tulikuwa na desturi. Kitu kikitolewa mwilini mwa mgonjwa, uvimbe au kidole tumbo, nesi hukitia kwenye bakuli akawaonyeshe ndugu wanaosubiri nje, wasije wakasema mtu wao alichanwa bure. Na watu walipenda, wanatazama, wanatikisa vichwa, wanamshukuru Mungu. Siku ile kazi ilipokwisha salama, sikufikiri hata kidogo. Nikachukua bakuli nikatoka.

Nje walikuwa wamekaa wawili: mama yake Nyangeta, na shangazi yake Masatu aliyekuja kwa niaba ya upande wa mume. Nikawaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia. Shangazi akainama juu ya bakuli akauliza, "Ndiyo nini hivi, binti?"

Ningeweza kumjibu, "Mama, mgonjwa atawaeleza akiamka." Lakini ulimi hauna mfupa, mjukuu wangu, na mtu aliyejifunza jambo jipya jana huwashwa asipolisema leo. Nikaeleza, tena kwa kirefu, ni vitu gani na ni akina nani huwa navyo. Mama yake Nyangeta akavua kanga begani akafunika bakuli mkononi mwangu. Shangazi akachukua mkoba wake akashuka ngazi.

Msimamizi wetu alikuwa Mama Kulwa, Msukuma wa kule Bujora, mtu mzima aliyebakiza kidogo astaafu. Hakufoka. Alinipeleka kwenye chumba cha kuoshea vyombo, akafunga mlango.

"Lile bakuli lilikuwa la nani?"

"La mgonjwa."

"Ulimwomba?"

Nikajitetea, eti mficha maradhi kifo humuumbua. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. "Methali hiyo anaambiwa mgonjwa, aje kwetu asiogope. Akishakuja, kazi yetu ni kumsitiri. Wewe umemvua nguo ukumbini, naye amelala. Akiamka utamwambia wewe, si mimi."

Nilimwambia. Nilikaa pembeni ya kitanda chake, nikasema yote. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuwa nimeshayapata maneno, dada. Umeniwahi." Akageukia ukutani. Mimi nikalia kwa aibu, na kweli ilinistahili.

Kesho yake Masatu akaja na ovaroli ya kazini. Nikajua anakuja kuvunja uchumba. Alikaa palepale nilipokaa mimi, akamwambia, "Shangazi amesema mengi. Sitaki kusikia ya shangazi. Niambie wewe." Nikatoka nikafunga mlango. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza.

Walioana. Lakini shangazi alikuwa ameshaeneza habari, na maji yakimwagika hayazoleki. Minong'ono iliwafuata hadi kanisani, hadi shuleni anapofundisha, wakahama wakaenda kuishi Geita. Mbali na mama yake, kwa ajili ya ulimi wangu.

Miaka ikapita. Siku moja niko sokoni hapa Nyamagana na mama yako, nasikia naitwa. Nyangeta, amenenepa, amependeza, amemshika mkono mtoto wa kike waliyemchukua kumlea. Mama yako akauliza, mnajuana wapi? Nikangoja aseme, maana alikuwa na haki yote. Akatabasamu, akamwambia, "Huyu ndiye nesi aliyekaa na mimi nilipokuwa mgonjwa." Basi. Akanisitiri mbele ya mwanangu, mimi niliyeshindwa kumsitiri mbele ya wakwe zake.

Mjukuu wangu, mashine za sasa zinapita kwenye tundu dogo zinaona mwili wote. Usidhani kwa kuwa umeona, ni chako. Mwili wa mtu ni wake hata akiwa amelala, na habari zake ni amana kwako. Desturi ya kazi ikikusukuma mkono, simama kwanza uulize: huyu ameniruhusu? Na ukikosea, maana utakosea, nenda ukamwambie mwenyewe, usitume mtu.

Nenda, mama. Mungu akupe mikono ya huruma na mdomo mzito, na wagonjwa wako wakiamka wakukute umewafunika.