Nilimpigia Mwangi Kelele za Mwizi

Mkono wa kulia wa mwenzangu haufungi tena, na aliyeuvunja ni mimi. Si umati. Ni mimi! Tangu mwaka jana nimenyamaza, na nimechoka. Nitukaneni mkitaka, lakini nisikilizeni kwanza.

Nitamwita Mwangi, ingawa si jina lake. Tulikuwa wawili katika ofisi ya kompyuta ya kiwanda kimoja cha mablanketi, pale Eneo la Viwanda Thika. Tena tulipanga vyumba katika ploti moja huko Ruiru, mimi na mtoto wangu, yeye na mkewe Wairimu. Wairimu alikuwa akinishikia mtoto nikichelewa kazini. Tulikopeshana chumvi. Tulikuwa kama ndugu, jameni!

Kazini nilitengeneza database. Blanketi likitoka kiwandani, ungebonyeza tu uone limeenda duka gani na nani amelibeba. Niliiandika karibu mwaka mzima, Jumamosi nyingine mtoto akiwa amelala mgongoni mwangu. Mwangi aliijua. Aliona nikilia ikigoma, na akaona nikicheza siku ilipokubali.

Basi kukaja semina ya siku tatu katika hoteli moja hapo Thika. Watu walitoka Nairobi na Nakuru, na walimu walikuwa wageni wa kutoka ng'ambo. Walitufundisha kuunganisha database na kurasa za intaneti, mteja wa Mombasa aone mali yako bila kupiga simu. Wueh, nilifurahi! Niliandika mpaka vidole vikauma.

Siku ya mwisho washiriki waliitwa kuonyesha kazi zao. Kabla sijainuka, Mwangi alikuwa mbele, amewasha mashine ya kompyuta tuliyotoka nayo kiwandani. Ikatokea database yangu! Jina langu kwenye ukurasa wa kwanza lilikuwa limefutwa, pameandikwa lake.

"Hii nimeiandika mwenyewe," akasema, bila hata kumeza mate.

Nikasimama. "Hiyo ni kazi yangu," nikasema.

Mwangi akacheka. "Huyu ni sekretari wetu. Hunisaidia kutaipu."

Ukumbi mzima ukacheka! Mwalimu mmoja akaniomba kwa upole niketi. Kisha akampa Mwangi mkono na kumwambia kuna kampuni Nairobi inatafuta mtu kama yeye.

Mchana tulipofunga, Mwangi alibeba ile mashine akielekea kwa pikapu ya kiwanda, iliyoegeshwa ng'ambo ya barabara karibu na soko. Nikamfuata.

"Mwangi, kwa nini umenifanyia hivyo?"

Akaniita kwa jina la mtoto wangu, ambalo sitaliandika hapa, kama kawaida. "Mama Fulani, wacha wivu. Umesema ni yako, nani amekuamini?"

Ngai! Kitu kilipasuka kichwani mwangu. Nilifungua mdomo nikapiga nduru.

"Mwizi! Mwizi wa kompyuta! Mshikeni!"

Na mashine ilikuwa mikononi mwake. Nani angeuliza swali?

Walitoka kila upande. Wauza viazi, makanga wa matatu, wabeba mizigo. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni na mashine ikaanguka. Wakamvuta kwa tai. Mtu akampiga jiwe la kichwa, damu ikamziba macho. Alikuwa anaita jina langu. "Mama Fulani, waambie! Waambie!"

Sikuwaambia.

Mwanamume mmoja akaniletea ubao wa sanduku la nyanya. "Chukua, mama. Piga na wewe, ni mali yako."

Nikauchukua. Hapa ndipo ningeweza kusema shetani alinishika, lakini sitasema. Nilijua ninachofanya. Mkono wake ulikuwa umelazwa kwenye lami, ule uliofuta jina langu, nami nikaulenga. Nilipiga, nikapiga tena, nikasikia mifupa ikivunjika. Na woi, niwaambie ukweli wa kuaibisha? Nilisikia raha.

Raha hiyo iliisha nilipoona tairi. Kijana alikuwa analivingirisha kutoka gereji, na mwingine amebeba petroli kwenye chupa ya soda.

Nikatupa ubao. "Si mwizi! Namjua! Nilikosea!" Nani ananisikia? Wakanisukuma nikaanguka. Walikuwa wameshamvisha tairi shingoni Land Rover ya polisi ilipofika na risasi zikapigwa hewani. Umati ukatawanyika. Polisi wakanikuta nimemkumbatia, ninalia kwamba si mwizi.

Jioni hiyo Wairimu aligonga mlango wangu. Nilijua amekuja kuniua. Badala yake akaniangukia kifuani.

"Dada, polisi wameniambia. Ati wewe peke yako ndiye ulipiga kelele kuwa si mwizi. Mungu akubariki!"

Nikamwacha aamini hivyo. Nikampikia chai!

Mwangi alikaa muda mrefu taya likiwa limefungwa kwa waya. Sikio moja halisikii. Siku aliyoweza kusema aliniita, akangoja mkewe atoke nje kuanika nguo.

"Niliiba," akaniambia. "Najua niliiba. Wewe ungenisema kwa meneja, ningefutwa, ningestahili. Sasa niambie, kifo ulichoniitia kilikuwa cha kosa gani?"

Nikatoka nje nikamsaidia Wairimu kuanika nguo.

Niliacha kazi nikahamia Githurai. Kompyuta siwezi kuigusa, nikiweka vidole hapo naisikia ile mifupa. Mwangi hajawahi kumwambia mkewe. Kwa nini ananifichia siri, sijui, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Wairimu bado huja kunitembelea. Huniletea mboga na kuniita dada, nami huzipokea. Barua hii ikichapishwa, nitampelekea gazeti kwa mkono wangu.

Wewe unayesoma ukiwa na hasira na mtu, hata kama amekuibia kweli, mshtaki. Mwite mbele ya wazee, ya meneja, ya kanisa zima. Lakini barabarani usimpigie mtu kelele za mwizi. Mimi nilijaribu kuwazuia watu niliowaita mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama.