Lupango ya Miti

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Niliacha shule mwaka wa tatu, nikaanza kazi na musumeno wa kuazima, na leo nusu ya paa za Bagira zimekaa juu ya mbao zangu. Hata watu wa biro za serikali wananiita patron wakitaka milango. Basi, miaka ile ya Zaïre, niliponunua miti ya kilima kimoja kule Nyantende, sikuuliza mengi. Mwenye shamba alipokea pesa huku akitazama pembeni.

Tulifika asubuhi na kamiyo ya kubeba mbao, mimi na wapasuaji wawili, ukungu ungali umelala mabondeni. Miti ilikuwa minene, gome la kijivu kama ngozi ya ng'ombe mukongwe. Tulipoingia kati yake sauti zetu zilipungua zenyewe. Mupasuaji mumoja akavuta musumeno mara tatu. Utomvu ukatiririka, mweupe kama maziwa.

"Papa, umepita kwa ukuta."

Alikuwa maman muzee, ufagio mukononi.

"Ukuta gani, maman? Mimi nauza milango, na hapa naona miti tu."

"Unauzia watu milango, na mulango huujui? Toka. Zunguka. Ingia kama mugeni."

Wapasuaji wakacheka. Nilizunguka ili wasinicheke zaidi. Hapo nikaona: miti iko kwa mustari, mustari umepinda duara, na upande wa mashariki kuna nafasi ya watu wawili kupita.

"Mwami, mufalme wetu wa zamani, alijenga hapa," akasema. "Alizikwa humu ndani. Nyumba ilioza, lakini vijiti vya lupango iliyoizunguka vilikuwa vibichi, vikaota. Mama yangu alifagia humu. Mimi nafagia."

Nilipita ile nafasi. Sijui nieleze namna gani. Nilikuta kofia iko mukononi, na sikumbuki kuivua. Majani yalinong'ona kama watu walio chumba cha pili, na mimi, patron muzima, nikasimama nikingoja kukaribishwa. Ukungu ulipita mulangoni, ukaingia, ukakaa.

"Sasa kata," maman akasema taratibu. "Uko ndani ya nyumba. Chagua mwenyewe ukuta wa kuanza."

Niliwaambia wapasuaji wafunge misumeno. Kidonda cha mti tulikipaka udongo. Mwenye shamba hakunirudishia hata likuta moja. Miti, mishahara ya wapasuaji, na kamiyo iliyorudi Bukavu tupu, hasara yote: zaïre mia tatu arobaini na mbili, makuta hamsini.