Kitambaa Kilichokaa Juu ya Redio

Krr, krr, kisha kimya kidogo, halafu krr tena. Huo ulikuwa mlio wa donge la uzi likibingirika ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Mama alilitia humo lisikimbie sakafuni na kuokota majivu, na kila alipovuta uzi kwa sindano yake yenye ncha iliyopinda, donge liligonga bati. Hata leo nikisikia kitu kikibingirika ndani ya mkebe, huiona mikono ya mama kwanza.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya mji wa Nyeri, upande ambao mlima ukiamua kujionyesha asubuhi, unauona kabla hujavuka kizingiti. Ndani, kila kitu kilikuwa kimevishwa. Viti vilikuwa na vitambaa mgongoni na mikononi, meza ilikuwa na chake, thamosi chake, na redio ya baba ilikuwa na kikubwa kuliko vyote. Baba alisema yeye haogopi chochote humu nyumbani ila kusinzia kwenye kiti mchana, asije akaamka amefunikwa kitambaa cha maua.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na nafasi ya kuendelea haikupatikana, basi nikawa mtu wa nyumbani. Sikuhuzunika sana. Nilikuwa na duka langu mjini, lenye dirisha la kioo na vitambaa vyangu vimetundikwa ndani, na watu wanasimama nje kuviangalia. Duka hilo lilikuwa kichwani tu, lakini nililifungua kila siku nikishika sindano. Mama alinijua.

"Mikono iko hapa," alikuwa akisema bila kuinua macho, "lakini kichwa kimepanda mlima. Kiite kishuke. Umeruka tundu."

Kweli nikihesabu nilikuta nimeruka tundu.

Ndipo Cucu akaja. Cucu ni mama yake baba, na alikuwa akikaa Kangari kwenye majani chai yake. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu kwa msichana wa kwanza, kwa hiyo yeye aliniita wajina, na baba, akiwa na furaha, aliniita mama. Alikuja kwetu kwa sababu ya macho. Yalikuwa mekundu, yanatoka maji na tongo, na asubuhi kope zilishikana mpaka azifungue kwa vidole. Cucu alikuwa msusi wa vyondo, vikapu vya kamba za rangi. Sasa alikuwa akisuka kwa kupapasa, na mistari ya rangi ilikuwa imeanza kumpotea.

Mimi na mama tulimpeleka kliniki mjini. Muuguzi aliyemtazama, nasi kama tulivyomwita, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Alimwinua kidevu, akaangalia, kisha akaangalia leso yake.

"Cucu, unapanguza macho na nini?"

"Na leso, kona hii."

"Na hapo kwa kona umefunga nini?"

Cucu akaificha kona kiganjani. Mama akatazama ukuta. Hapo kwa kona palikuwa na ugoro.

Nasi hakucheka. Akampa dawa ya kupaka, akasema dawa peke yake haitoshi. Cucu awe na kitambaa chake mwenyewe, laini, safi, asikishiriki na mtu. Aoshe macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. "Ukiendelea na hiyo leso," akasema, "kope zitageuka ndani zianze kukukwaruza. Baada ya hapo hutaona chondo wala njia ya kwenda choo."

Tukarudi nyumbani tukipanda polepole, Cucu amenishika bega. Kwetu tulikuwa na taulo moja la watu wote. Nikasema mimi nitamfumia Cucu kitambaa cha uso. Sikuombwa na mtu. Nilishikwa na wazo hilo pale pale njiani.

Kwenye duka la nyuzi, mama Mhindi aliyekaa nyuma ya kaunta alinijua kwa sababu ya mama.

"Ya kiti ama ya meza?"

"Ya uso."

"Uso ya nani?"

"Ya cucu wangu. Ni mgonjwa wa macho."

Akarudisha uzi aliokuwa ameshika, akatoa mwingine mweupe, akausugua kwenye shavu lake mwenyewe kwanza. "Chukua hii. Ile ingine ni ngumu, itakwaruza yeye." Kisha akaniona nikiangalia buluu. "Na hiyo ya nini kwa uso?"

"Ya pambo," nikasema. Akacheka, akanipimia kidogo.

Nilianza kwa duara dogo katikati, nikatoa ua juu yake, petali moja moja. Kutoka hapo nikazunguka na mweupe, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kikatosha kiganja, kikapita kiganja, kikatosha uso. Kilikuwa kitambaa cha uso tayari. Mtu mwenye akili angekata uzi hapo. Lakini mimi nilishafika kwenye lile duka langu, watu wamesimama nje ya kioo, na sikuona mtu akisimama kwa ajili ya kitambaa kisicho na ukingo. Nikatia meno ya buluu kuzunguka pande zote, yaliyochongoka kama vilele vya mlima wetu. Mama alikichukua, akakigeuza nyuma, maana mama huangalia nyuma ya kazi, akasema, "Hiki kimetoka." Mama hakuwa mtu wa kusema hivyo.

Nikampa Cucu. Akakipapasa. Kidole kikatembea kwenye meno, jino baada ya jino, kikaja katikati kikazunguka ua. Akakiweka shavuni.

"Wajina," akasema, "hiki ndicho unataka nipanguzie tongo?"

"Ndiyo, Cucu. Ni chako."

"Hata. Nani amewahi kulowesha kitu kama hiki?" Akainuka kwa fimbo yake, akaenda mpaka kwa redio, akakiweka juu ya kile kikubwa cha mama, akakinyoosha. Huko kikakaa.

Na huwezi kumlaumu. Kwetu kitu kizuri hakitumiki, kinawekwa. Vikombe vizuri vilikaa kabatini vikingoja wageni ambao walikunywa chai kwa vikombe vya bati. Kitu kikifumwa, tena kiwe na ua, basi kazi yake ni kutulia mahali na kuonekana.

Wanawake wa chama cha kanisa walikuja kumjulia Cucu hali, wakakiona.

"Hiki ni cha nani?"

"Nimekifuma mimi," Cucu akajibu.

"Wewe? Na hayo macho?"

"Kwani mimi si wawili?" akasema, akaninyooshea fimbo nilipokuwa nikimimina chai. "Mimi wa zamani nimechoka, yule mpya ndiye anafuma."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilipita na birika nikiwa nimevimba kwa furaha, nikasahau kabisa kwamba mwenye kitambaa, wageni walipotoka, alivuta kona ya leso akapanguza macho. Kila nilipomkumbusha alisema kesho. Mama hakuweza kumlazimisha, maana huyo ni mama mkwe wake, na mama alikuwa akimpisha hata kwenye kivuli. Baba naye alisema, "Mama, tumia basi," akajibiwa aangalie ng'ombe.

Tuliporudi kliniki, nasi alimwinua kidevu tena.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kiko," akasema Cucu.

"Wapi?"

"Juu ya redio."

Nasi akacheka kwanza, hata Cucu akacheka. Kisha nasi akaacha. Akasema safari nyingine akikuta macho hivyo hivyo, hataweza kufanya kitu yeye, itabidi Cucu apelekwe Nairobi akatwe kope, na hata hapo hawezi kuahidi kwamba ataona. Tulipofika karibu na nyumba akauliza, "Wajina, mlima uko nje leo?" Mlima ulikuwa nje, mweupe juu, hauna hata wingu. Nikamwambia uko. "Basi ni macho tu," akasema.

Jioni hiyo akaagiza maji ya vuguvugu mwenyewe. Mimi nikaleta karai, mama akatia chumvi, nikakimbilia redio nikachukua kitambaa. Cucu akakishika, akakichovya upesi upesi, akakipeleka usoni, akaruka kama aliyeguswa na kaa la moto.

"Mnataka kunimenya ngozi kama waru?"

Nikakishika. Kilikuwa kigumu kama kadibodi. Mama akaweka mkono mdomoni. Hiyo ilikuwa Jumamosi, na kila Ijumaa mama aliosha vitambaa vyote vya nyumba, akavitia wanga, akavipiga pasi ya makaa mpaka vikasimama vyenyewe. Hiki kilikuwa juu ya redio, basi kikaenda na wenzake. Hata hakufikiri.

"Mama, nisamehe, sikujua," mama akasema, na alikuwa amepiga goti.

"Inuka, mwanangu. Si makosa yako. Kitambaa chenyewe kimekataa." Akakinyoosha juu ya goti lake kwa mikono miwili, maji yakimtoka machoni, sijui ni ya ugonjwa au ni ya nini. Akanipa. "Rudisha mahali pake."

Kesho yake walienda kanisani wote. Mimi niliachwa kuangalia githeri ya mahindi na maharagwe motoni isiungue. Nilikaa mbele ya redio nikikitazama kitambaa, na duka langu halikufunguka siku hiyo. Niliona tu Cucu akiuliza kama mlima uko nje.

Nikakichemsha kwenye sufuria ndogo mpaka wanga wote ukatoka, maji yakawa kama uji. Nikakikamua, nikatafuta mwisho wa uzi wa buluu, nikavuta. Kazi ya kufuma kwa sindano ile hufumuka kirahisi ukishapata mwisho wake. Meno yakaanza kuanguka moja baada ya jingine, na mimi nikiuzungusha uzi kwenye donge ndani ya mkebe, krr, krr. Ua lilikataa. Ua ndilo mwanzo wa kitambaa, na ukitaka kulitoa ni lazima ufumue chote. Nikaliacha. Kisha nikakisugua kati ya viganja, nikakianika juani, nikakisugua tena, mpaka kikawa laini kama sikio la ndama. Walipotoka kanisani walikikuta kimetundikwa kwenye ukingo wa karai, na karai iko mbele ya kiti cha Cucu.

Cucu akakipapasa ukingoni. "Meno yake yako wapi?"

"Nimeyang'oa."

"Yote?"

"Yote, Cucu."

Akacheka, na yeye mwenyewe alikuwa amebaki na meno mawili ya chini. "Basi sasa tunafanana. Lete maji."

Alikitumia kuanzia siku hiyo, asubuhi na jioni, na hakuna aliyekigusa isipokuwa mimi wa kukichemsha. Ugoro ulihamia kwenye kikopo. Sikujua ni lini hasa macho yalipona. Najua asubuhi moja nilikuwa nikipuliza moto, yeye amekaa mlangoni kwenye mwanga, kitambaa kibichi mkononi, akaniita.

"Wajina, hili ua lako. Petali ya upande huu ni nyembamba kuliko zingine."

"Wapi?"

"Hapa. Uliruka tundu."

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosolewa. Mama, aliyekuwa akichota maji ya chai, aliweka kata chini akageuka kututazama.

Nasi aliporidhika, Cucu hakutaka kukaa hata kidogo. Majani chai yake yalikuwa yakimngoja. Baba alimsindikiza mpaka Kangari, naye Cucu alibeba kitambaa ndani ya chondo kipya alichokuwa amekisuka kwetu, chenye mistari ya zambarau iliyonyooka bila kupotea hata mmoja. Mama akaenda shambani. Nyumba ikawa kubwa.

Nikatoa mkebe. Ule uzi wa buluu ulikuwa bado umejikunja, kila jino limeacha alama yake, na uzi wa namna hiyo haufumiki vizuri mpaka ulowe na unyooke. Nikautia kwenye karai la Cucu, kwenye maji yake ya mwisho yaliyokuwa yamepoa. Kisha nikaondoa kitambaa cha mama chenye wanga kwenye kiti alichokuwa akikalia Cucu, nikauzungusha uzi mbichi kwenye mgongo wa kiti, taratibu, nikiuvuta kidogo kila ulipopita kona, mpaka ukaisha, ukauke umenyooka kwa kazi nyingine.