Kodi Zile Zile, Jibu Lingine

Ipo Jumamosi moja, mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka masikio yangu hupata moto mpaka leo, na nywele zote hizi zimeshakuwa nyeupe. Nilikaa mbele ya watu nikapiga piano bila kosa hata moja, na mtu mmoja akainua mkono akaomba afunguliwe redio.

Usicheke. Au cheka, lakini ukimaliza unisikilize, kwa sababu jana nilikusikia ukipiga kinanda chako pale sebuleni, na niliyemsikia alikuwa ni mimi wa siku hiyo.

Nilikuwa weita katika hoteli moja hapa Isiolo, kando ya barabara ya kwenda Marsabit, mwishoni mwa miaka ya sabini. Katika ukumbi wa chakula kulikuwa na piano iliyoachwa na mzungu mmoja aliyehama. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla hata ya kupanga vikombe, ilikuwa kuweka kopo la maji ndani yake, chini kabisa, ili mbao zisipasuke. Upepo wa hapa kwetu unaujua wewe mwenyewe. Kopo likijazwa asubuhi, jioni limeshuka vidole viwili. Basi nikawa naifungua piano kila siku na kuinywesha kama ndama, na asubuhi moja nikajaribu kubonyeza kibao kimoja. Kuanzia hapo nilikuwa nafika kazini saa nzima kabla ya wenzangu.

Aliyeipiga ni Mzee Mutwiri, Mmeru aliyestaafu kutoka bendi ya jeshi. Kila Jumamosi alasiri alikuja na koti lake la kijivu, joto liwe lisiwe, akapiga nyimbo za jazi za taratibu, zile za mapenzi, huku wateja wakila. Nilimwomba anifundishe. Alinigeuza viganja akavitazama, kisha akaniambia nije na daftari.

Wewe kodi za kinanda umezikuta shuleni, kwa hiyo unaziona kitu cha kawaida. Mimi niliona ni maajabu, sauti tatu, nne, tano zikipigwa pamoja na kuwa kitu kimoja. Na katika nyimbo hizo za taratibu, karatasi haikupi mengi. Inakupa sauti ya wimbo, na juu yake jina la kodi, basi. Zilizobaki zote ni hiari yako. Mimi hiari hiyo sikuiona. Niliona majina ya kodi tu, na nikayakariri yote. Nilijaza madaftari mawili. Kila kodi niliipiga kamili, mikono yote miwili, hakuna sauti iliyobaki nje. Nilizipakia kama lori la Moyale, hata kuku hangepata pa kukaa.

Jumamosi hiyo Mzee Mutwiri alichelewa kutoka Meru. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nikafuta mikono kwenye aproni, nikakaa kwenye kiti chake bila ruhusa ya mtu. Nikachagua wimbo wake mzuri kuliko yote, wa mwanamke anayemngoja mtu wake stesheni mpaka treni ya mwisho inapita, na mtu mwenyewe haonekani. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza na nilikuwa nayajua yote, jinsi mtu anavyojua namba ya kitambulisho chake. Nikapiga mwanzo hadi mwisho. Nilipoinua kichwa nikitarajia makofi, mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, aliyekuwa ametoka mnadani Oldonyiro na vumbi lake lote, akaniita huku akitafuna.

"Weita! Hiyo kelele ikiisha, fungulia sisi redio tusikie habari."

Watu wakacheka. Na Mzee Mutwiri alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, amesikia yote.

Hakunigombeza mbele ya watu, na kwa hilo namshukuru hata leo. Alinifuata jikoni.

"Halake, umekosea wapi?"

"Sijakosea popote, mzee," nikamjibu, na kweli sikuwa nimekosea.

"Ndiyo hiyo shida. Umesoma karatasi yote, lakini wewe mwenyewe hujasema kitu. Hiyo karatasi inakupatia jina ya kodi. Haiwezi kukuambia utaisema namna gani." Akanyoosha vidole vitatu, na viungo vyake vilikuwa vimevimba. "Hutagusa hii wimbo mbele ya watu tena. Siku utanipigia mstari ya kwanza mara tatu, kodi ni zile zile, na mimi nisikie watu watatu tofauti, siku hiyo nitakupatia hii kiti."

Nilikasirika sana. Nilijiambia mzee ananionea wivu kwa sababu vidole vyake vinakufa na vyangu ni vizima. Mawazo ya ujana, mwanangu, nisamehe. Na mambo yakazidi kuwa mabaya, kwa sababu wiki ile ile tajiri wetu, mwenye hoteli, alitangaza kwamba piano inakula nafasi ya meza mbili. Mzee Mutwiri alikuwa amemwambia vidole haviwezi tena kupita mwisho wa mwezi. Kama hakuna mwingine wa kuwafanya watu wakae, alisema tajiri, piano itapanda lori kwenda Nanyuki, kuna mtu anaitaka. Zilibaki Jumamosi tatu.

Wiki hizo za mwisho mzee alikuwa analala chumba cha nyuma ya hoteli, na kila asubuhi nikawa nampigia ule mstari. Nikaupiga kwa nguvu, nikaupiga kwa upole, nikaupiga mbio.

"Huyo ni mtu mmoja," akasema. "Kwanza amekasirika, halafu amechoka, halafu anakimbilia choo."

Ikapita Jumamosi ya kwanza, na ya pili ikapita. Niliacha hata kula vizuri. Nilijua piano ikiondoka, sitaiona nyingine maishani mwangu, maana mtoto wa Kiborana wa mtaa wa Kiwanjani angeitoa wapi?

Mwaka huo mvua ilikuwa imetupita misimu miwili. Ng'ombe wetu walikuwa ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro na mdogo wake baba, Boru, na hatukuwa na habari zao. Jumatano, siku tatu kabla ya Jumamosi ya mwisho, nilikuwa nyumbani nimekaa kwenye ngazi Boru alipoingia uani kwa miguu, fimbo begani. Baba alitoka nje. Wakashikana mikono, wakaanza salamu.

Salamu zetu unazijua. Nagaa ni amani. Unaulizwa amani ya kila kitu, na kila kitu unakijibu kwa neno lile lile. Hata kama nyumba imeungua, kwanza unajibu nagaa. Habari mbaya hazimwagwi mlangoni.

"Nagaa?" baba akauliza.

"Nagaa."

"Ijolle nagaa?" Watoto je.

"Nagaa," akajibu Boru upesi, karibu kabla swali halijaisha.

"Loon nagaa?" Na ng'ombe je.

Boru akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, akiuachia ule mwisho ukatike wenyewe, "Nagaa."

Baba hakuendelea. Aliushika mkono wa mdogo wake kwa mikono yake miwili, akauliza polepole, "Wangapi wamebaki?"

Ndipo Boru akalia.

Baadaye, mama alipokwisha kumpelekea Boru chai na Boru akalala, nilimfuata baba. Najua ungedhani nilimpa pole. Nilimpa pole pia, lakini kilichokuwa kinanichoma ni kingine.

"Aba, ulijuaje? Amesema nagaa mara tatu."

Baba akanitazama kana kwamba nimemuuliza maji yanalowesha vipi. "Ya watoto aliitoa haraka, hiyo ni nzima. Ya ng'ombe aliichelewesha, halafu hakuimaliza. Neno ni moja, Halake. Mtu akijibu, wewe sikiliza mtu."

Sikungoja chai. Nilirudi hotelini mchana ule ule, ukumbi ukiwa mtupu, nikafungua piano na kuitazama kodi ya kwanza ya wimbo. Jina lake lilikuwa lile lile kwenye daftari. Nikajiuliza, kama huyu mwanamke wa stesheni angeulizwa nagaa sasa hivi, treni ya kwanza ikiwa bado haijafika, angejibuje? Angejibu upesi, ana matumaini. Nikaipiga kodi wazi, sauti zimekaa mbalimbali, na juu yake nikaongeza sauti ya tisa, ukihesabu kutoka ile ya chini, ambayo daftari halikuitaja. Na akiulizwa baada ya treni ya pili? Hapo nikaondoa sauti ya chini kabisa, ile inayobeba jina la kodi. Mkono wa kushoto nikauachia ya tatu na ya saba peke yake, maana hizo mbili ndizo zinazokuambia kodi ina huzuni au furaha na inataka kwenda wapi. Nikachelewa kidogo kuzigusa. Na treni ya mwisho ikishapita? Nikapiga sauti moja moja, kutoka juu kushuka, na ya mwisho sikuipiga. Nikaupitisha mstari mzima kwa namna zote tatu. Kodi ni zile zile, na niliowasikia ni watu watatu!

Mzee Mutwiri alikuwa amekaa jikoni akinywa uji. Sikujua. Alitokea na kikombe mkononi.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, na kila mara ilitoka tofauti kidogo, sikuweza hata kuizuia.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Ni baba, mzee."

"Baba yako anapiga piano?"

"Hapana. Anachunga ng'ombe."

Alicheka mpaka uji ukamwagika kwenye koti. Kisha akanivutia kiti chake.

Jumamosi ikafika. Tajiri alikuwa amesimama kaunta, na nje nililiona lori, limeshaegeshwa kabisa. Yule mfanyabiashara wa Oldonyiro alikuwepo tena, meza ile ile, sahani ile ile ya nyama. Na kabla sijakaa, nikamwona baba mlangoni na Boru. Walikuwa wanaondoka kwenda kuhamisha ng'ombe waliobaki, wakapita kuniaga. Baba hakuwahi kuingia ndani ya hoteli ile. Alikuwa anajua mimi ni wa kupanga sahani. La piano hakuambiwa na mtu. Nikamwonyesha kiti karibu na mlango, nikavua aproni, nikaenda nikakaa mbele ya vibao.

Sikufungua daftari. Nilimuuliza yule mwanamke wa stesheni swali moja, kodi baada ya kodi, na nikamwacha ajibu. Pengine alijibu kwa sauti mbili tu. Pengine alinyamaza, nami nikanyamaza naye, na katika kunyamaza huko nikasikia kwamba vijiko vimeacha kugonga sahani. Sijawahi kuogopa na kufurahi kwa wakati mmoja namna ile. Nilipofika kodi ya mwisho, ile ambayo kila mpigaji huipiga kwa mbwembwe watu wajue ameisha, niliigusa kidogo tu, tamu, na juu yake nikaacha sauti moja inayouma.

Kisha ile sauti kutoka meza ya nyama.

"Weita," akasema yule mfanyabiashara, akiisukuma sahani kando, "rudia hiyo."

"Na redio, mzee?"

"Redio gani? Wewe rudia!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi, madereva, walimu, wapishi wametoka jikoni na miko yao. Tajiri alitoka nje akazungumza na mwenye lori, na lori likaondoka tupu. Mzee Mutwiri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikaa mezani kama mteja akaagiza chapati.

Lakini nikuambie lililonimaliza. Nilienda kwa baba pale mlangoni. Baba hakujua Kiingereza, na maneno yenyewe sikuyaimba. Stesheni hakuwahi kuiona maishani. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo mtu wake hakurudi. Lakini yeye anaambia watu nagaa."

Nililia mbele ya wateja wote, mwanangu, na sikuona aibu yoyote.

Kiti kile nilikikalia karibu miaka ya themanini yote. Madereva wa Moyale walikuwa wanapanga safari zao wafike Isiolo Jumamosi. Ule wimbo niliupiga mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na sikuupiga vile vile hata mara moja.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuambia. Jifunze kodi zako zote, kamili, bila uvivu, maana huwezi kuacha sauti usiyoijua. Kisha jua maneno ya wimbo na aliyeyasema, kabla ya kuweka kidole. Usiogope kuondoa, wala usiogope kuchelewa. Na ukipewa jina la kodi, usikimbilie kuonyesha kwamba unalijua. Jiulize huyu mtu leo yukoje, ndipo ujibu. Hivyo hivyo na watu wa nyumbani kwako. Wakikujibu ni wazima, sikiliza wamejibuje.

Mwenyezi Mungu akupe vidole vyepesi na masikio yasiyobanduka kwa mtu. Akupe mvua kwa wakati, maziwa nyumbani, na watu wa kukunyamazia unapopiga. Kizazi chako kizae watu wanaosikia.

Haya, sogea kwenye kinanda. Zima hiyo ngoma yake ya kujipiga. Weka mikono, nami babu yako nakuuliza: nagaa?