Ravdna na Waliopiga Mluzi

Siku nilipomwona Ravdna mara ya kwanza alikuwa anatema mate. Nilikuwa nimesimamisha basi la hoteli kando ya barabara ya Kautokeino, huku kwetu kaskazini kwenye theluji, wageni thelathini ndani, mawingu yamefunika mbingu yote. Mwanamke wa miaka sitini hivi akashuka kwenye pikipiki yake ya theluji, akaja dirishani.

"Unawapeleka wapi hawa?"

"Kutazama mianga ya kijani inayocheza angani, shangazi. Simu inasema leo ina nguvu."

Akatema mate. "Simu inakuambia yaliyo juu ya mawingu, mjinga wewe. Na mawingu yenyewe je? Upepo unatoka baharini. Warudishe wakalale."

Wageni walikataa kurudi, tukangoja. Hatukuona hata nyota.

Tangu hapo nikawa nampigia kila mchana. Ravdna alifuga kulungu wa theluji, kama mumewe marehemu. Alitazama moshi wa jiko lake unakoelekea, akasikiliza theluji inavyolia chini ya viatu, kisha akasema, "Pita upande wa ziwa, saa kumi patafunguka." Pakafunguka. Torfinn, tajiri wangu, aliwaambia wageni amepiga hesabu mwenyewe, nao wakampigia makofi.

Torfinn alinitia kichefuchefu. Alivaa koti la jadi la watu wetu, la buluu lenye utepe mwekundu, la kushonwa kiwandani, na kwao hakuna aliyewahi kulivaa. Lakini kilichonichefua zaidi ni ule mluzi. Kwetu mianga ikitoka mtu hunyamaza. Ni mwiko kuikejeli, kuipungia kitambaa au kuipigia mluzi, isije ikakushukia. Torfinn aligeuza mwiko huo mchezo. "Pigeni mluzi, itacheza!" Basi watu wazima wenye mvi wakapiga mluzi na kupeperusha taulo za hoteli, supu ya nyama ikiwachuruzika videvuni. Mimi nilikaa kwenye usukani, nikainamisha kichwa.

Januari ile mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda. Wanyama walishindwa kuchimba malisho chini ya barafu. Ravdna akapata bonde moja tu lenye theluji laini, akaliswaga kundi lake huko, majike wenye mimba wakiyumba kwa njaa.

"Wakikimbizwa mara moja tu," aliniambia, "nusu hawataliona jua la Aprili."

Siku chache baadaye nikampigia. "Shangazi, leo wapi?"

"Leo ni bondeni kwangu tu. Kwingine kote ni mawingu. Nakuambia wewe kwa kuwa sijawahi kukusikia ukiropoka. Hao waambie hakuna kitu."

Torfinn alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. "Kasemaje huyo bibi kizee? Wapi?"

Ningeweza kusema hajui. Nikalitaja bonde.

Saa kumi alasiri giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya Januari kwetu, na mbingu ikawaka kijani kutoka mlima hadi mlima. Wageni wakashuka. Wakapiga mluzi, wote thelathini. Kundi likainuka kama mnyama mmoja, likapita mbele ya taa za basi, ndimi nje, likatokomea kwenye theluji iliyoganda. Jike mmoja akazama miguu, akavunjika mguu. Mgeni mmoja akamsogelea na simu yake, anacheka, akauliza kama wengine watapita tena. Nikabaki kwenye usukani, taa zikiwaka.

Ravdna alifika na pikipiki yake. Torfinn akamnyooshea kikombe cha supu. "Mama, wewe kiboko! Imetoka kweli!"

Hakukiangalia. Alichomoa kisu, akapiga magoti, akammaliza yule jike. Kisha akaja dirishani kwangu, damu mkononi inatoa mvuke.

"Shangazi, aliniuliza, nikashindwa..."

"Huyo hakujua kuna nini bondeni," alisema. "Wewe ulijua. Zima taa za basi lako, zinawatisha, nikawatafute kulungu waliobaki."